Kipepeo wa Daktari wa Meno

Dukani kwetu tulitoa dhamana ya siku saba. Samaki akifa ndani ya siku hizo, mteja anamrudisha kwenye mfuko na kupewa mwingine. Watu waliuona huo ni ukarimu. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne juu ya viumbe wa majini, na bado ilinichukua wiki mbili za kazi kung'amua kwamba samaki aliyetolewa baharini akagoma kula huchukua kama siku ishirini kufa. Dhamana yetu ilikuwa imepimwa kwa makini sana.

Duka ni la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alinichukua baada ya kunihurumia mwaka mzima nikituma maombi ya kazi kwa watu ambao hawakunijibu hata kwa kunitukana. Tangu siku ya kwanza aliniita Profesa, kwa sauti ile ile anayoitia paka.

Chumba chenyewe ni chembamba, vioo safu tatu kila upande, pampu zinakoroma, sakafu haikauki. Safu za mbele wanakaa samaki waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji. Hao hawana makuu. Ukiwatupia chakula wanakula, ukisahau kidole ndani wanakijaribu. Nyuma kabisa, chini ya taa ya buluu, kuna maji ya chumvi, na humo wanakaa wale wa kunaswa. Wateja hupita mbele bila kugeuka wakaenda moja kwa moja kwenye taa ya buluu. Samaki aliyezoea kufugwa hana mvuto, nadhani. Watu wanapenda aliyekuwa na kwao.

Zaidi ya wote walipendwa samaki waitwao vipepeo. Ni bapa kama kiganja, wa manjano, wana mstari mweusi unaopita juu ya jicho. Baharini kazi yao ni moja, kudonoa matumbawe yaliyo hai kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Hawajui chakula kingine. Sisi tuliwawekea punje kavu kutoka kwenye kopo lenye picha ya samaki anayetabasamu.

Shangazi hujisifu kwamba hajawahi kusema uongo dukani, na ni kweli, nilimchunguza. Mteja akiuliza, "Anakula huyu?" shangazi hadondoshi neno, anadondosha punje moja. Kipepeo anaifuata, anaitia mdomoni. "Jionee mwenyewe," anasema shangazi, na hapo hapo anamgeukia mteja na kumuuliza habari za watoto. Mteja anaanza na kifungua mimba. Akifika kwa kitinda mimba, kipepeo ameshaitema punje zamani, nayo imelala kwenye mchanga pamoja na zile za jana.

Siku niliyomwambia kwamba hilo si jambo zuri, alikuwa anasugua kioo na hakuacha kusugua.

"Profesa, mchana ulikula nini?"

"Samaki wa kukaanga, shangazi."

"Ulimuuliza kama ameridhika?"

 Siku tatu baadaye nikapata jibu zuri: kwamba yule wa kwenye sahani angalau hakuna aliyedai kumpenda. Lakini nilikuwa peke yangu stoo, nikayaambia makopo.

Shehena ya mwisho ilikuwa na vipepeo wanane. Watano waliuzwa juma la kwanza. Wawili walikufa mikononi mwetu, wakiwa bado wanang'aa, maana kipepeo ana adabu ya kufa akiwa amependeza. Akabaki mmoja, mdogo, mwenye pezi lililochanika kidogo kwa nyuma. Siku ya tisa alikuwa hajameza kitu. Nilimhesabia siku kama mgonjwa wangu. Nilikuwa nimeamua kwamba huyu hatakufa, uamuzi rahisi kwa mtu asiye na mamlaka yoyote.

Siku ya kumi akaja daktari wa meno. Ni mteja wetu wa miaka mingi, mtu mpole, mikono misafi hata ukiitazama unaionea haya ya kwako. Ana tangi moja la kioo katika chumba chake cha kusubiria, na ndani hukaa kipepeo mmoja ambaye wagonjwa humwita Mheshimiwa. Inasemekana Mheshimiwa hutuliza woga. Ukimtazama kwa dakika kumi unasahau mashine inayolia chumba cha pili.

Shangazi akadondosha punje. Kipepeo wangu mdogo akaichukua. "Jionee mwenyewe, daktari. Mama watoto hajambo?"

"Daktari," nikasema mimi, "samahani, usigeuke. Endelea kumtazama."

Shangazi aliniangalia kama mtu aliyemwona kuku wake akifungua mlango kwa funguo. Daktari aliendelea kutazama. Punje ikatoka mdomoni, ikazunguka kidogo, ikashuka.

Nikamweleza yote. Matumbawe, njaa, siku ishirini, dhamana. Nilieleza vizuri, nadhani kuliko nilivyowahi kueleza kwenye mtihani wowote. Nilikuwa naamini jambo moja kwa moyo wote, kwamba watu hufanya mabaya kwa kutokujua, na kwamba ukiwaeleza wataacha. Ndiyo imani niliyotoka nayo chuoni, pamoja na cheti.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyofanya, bila shaka, kabla ya kung'oa.

"Najua, binti yangu. Huyu atakuwa Mheshimiwa wa kumi na nne. Wengine wanaweka maua mezani. Maua nayo yanakauka, mtu anabadilisha."

"Na wagonjwa wanajua?"

"Mgonjwa akishajua kwamba Mheshimiwa amekufa njaa pale pale anapokaa, atatulia?"

Shangazi akacheka kicheko kifupi. "Profesa, mtilie daktari kwenye mfuko."

Imani yangu ilikuwa chini, kwenye mchanga, na zile punje. Nilimtia kipepeo kwenye mfuko wa maji, lakini sikuuachia.

"Basi niruhusu nije kumlisha," nikamwambia daktari. "Kila siku, saa yangu ya chakula. Sitakugharimu chochote."

Alinitazama, akamtazama shangazi, akainua mabega. "Njoo. Mradi usinihubirie wagonjwa."

Kuna njia moja ambayo wafugaji wenye subira huitumia. Unachukua kipande cha tumbawe lililokufa, jeupe, lenye matundu. Unamponda kamba mbichi mpaka awe kama dawa ya meno, unamsindilia kwenye matundu kwa kidole, kisha unalizamisha. Samaki akiona tumbawe anadonoa kwa mazoea, na anachokuta ni chakula. Kwa maneno mengine, unamdanganya ili aishi. Tofauti kati yangu na shangazi ilianza kuwa nyembamba.

Siku ya kwanza niliingia chumba cha kusubiria nikinuka kamba. Palikuwa na watu sita, wote wameshika mashavu, na wote walisogea mbali nami. Nikazamisha tumbawe. Kipepeo akajificha nyuma ya pampu.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alilizunguka tumbawe, akaligusa, akarudi nyuma ya pampu kama aliyekumbuka jambo. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani, na ukimtazama kwa mbele alikuwa mwembamba kama kadi. Mama mmoja, shavu limevimba kama amebana limau, aliniuliza, "Kwani Mheshimiwa anaumwa?"

Nilikuwa nimeahidi kutohubiri. "Ana njaa, mama," nikasema. Hayo si mahubiri.

"Hali kwa nini?"

"Hajazoea huku."

Mama akamtazama kwa muda. "Hata mimi tangu juzi sijala," akasema, na sijui alikuwa anazungumza na nani kati yetu wawili.

Siku ya tano yule mama alikuwepo tena, amekuja kuangaliwa kidonda. Nilizamisha tumbawe. Kipepeo akaja, akadonoa. Nikasubiri ateme. Akadonoa tena. Watu saba wenye meno mabovu walikuwa wakitazama mdomo wa samaki.

"Amemeza," alisema yule mama.

"Bado. Huwa wanatema."

"Amemeza, nakwambia. Mimi najua kumeza kwa shida."

Alikuwa amemeza. Akadonoa mpaka matundu yakawa matupu. Nilijifungia chooni kwa daktari nikalia kidogo, kisha nikanawa uso na kurudi kazini nikiwa mwepesi kama mtu aliyeikomboa bahari nzima.

Nilipofika dukani, shangazi alikuwa kwenye simu. Daktari alikuwa ameshampigia kunisifu. Sasa shangazi alikuwa anaongea na muuzaji wa jumla, tena kwa furaha.

"Ndiyo, vipepeo. Wanane. Hapana, wanakula, mpwa wangu amegundua dawa."

Nilisimama pale nikinuka kamba. Kwa siku tano, kwa mikono yangu miwili na saa yangu ya chakula, nilikuwa nimemtengenezea shangazi tangazo.

"Shangazi, futa hiyo oda."

"Nifute? Si ulitaka wale? Wanakula."

"Mmoja amekula. Kati ya wanane."

"Basi na hawa utawalisha. Nakuongezea saa ya chakula." Aliniwekea mkono begani, na kwa kweli alikuwa amefurahi kwa ajili yangu. "Nilikuwa nawaza uliisoma elimu hiyo yote ya nini. Leo nimeona."

Walifika Alhamisi, kila mmoja kwenye mfuko wake, wamepauka kwa safari. Shangazi alikuwa ameenda benki. Niliwamimina mmoja mmoja, kisha nikachukua karatasi na kalamu nene, nikaandika, nikabandika katikati ya kioo: *Samaki hawa walinaswa baharini. Shehena iliyopita walikuja wanane. Anayekula ni mmoja.*

Shangazi aliporudi aliisoma mara mbili.

"Bandua."

"Kuna uongo hapo?"

 Alitafuta uongo katika ile karatasi kama anayetafuta mfupa kwenye minofu.

"Unataka kunifungia duka, Profesa?"

"Nataka waulize, shangazi. Ukiibandua, leo hii naondoka."

"Uende wapi?"

Swali zuri. Sikuwa na pa kwenda, na sote tulilijua hilo. Hata hivyo sikuondoka mbele ya kioo. Hatimaye hakuibandua. Alichukua bango la bei, kubwa, akalibandika kwa juu tu ili lining'inie mbele ya karatasi yangu na kuifunika karibu yote. Akarudi kwenye kiti chake ameridhika.

Mtu wa kwanza kufika taa ya buluu alikuwa fundi wa saa, jirani yetu wa mlango wa tatu. Akasoma bei. Akaona karatasi nyingine imejitokeza kwa chini. Akainua bango, akasoma, akalishusha taratibu kama aliyechungulia chumba cha watu. Wa pili naye akainua. Jioni ilipofika hakuna aliyetazama samaki kwanza, wote walianza kwa kuinua bango. Kama karatasi ingekuwa wazi, sidhani kama wangeisoma.

Fundi wa saa alirudi Ijumaa.

"Hawa wanane," aliniuliza, "nani kati yao anakula?"

"Hakuna bado."

"Namtaka yule." Akamwonyesha wa pembeni. "Ila simchukui leo. Akianza kumeza niite. Nataka nione mwenyewe, nisiulizwe habari za watoto."

Shangazi alisikia, akajitia anatafuta kitu kwenye droo.

Nilisaga kamba kila mchana. Mwisho wa mwezi watatu walikuwa wanameza. Watano niliwafunga kwenye gazeti na kuwazika uani, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nilipotoka na koleo shangazi aliacha kusugua vioo. Fundi wa saa alimpata wake. Wa pembeni alikuwa kati ya watatu, kwa bahati tu, si kwa ustadi wangu.

Muuzaji wa jumla alipopiga simu kuuliza kama tunataka vipepeo wengine, shangazi alinitazama huku simu ikiwa sikioni.

"Safari hii hapana," akasema. "Mpwa wangu anachukua mapumziko marefu mno ya mchana."

Akakata simu, akaniagiza nikasugue vioo vya mbele, vya wale waliozaliwa kwa wafugaji, maana kuna wateja wanaanza kuwaulizia.