Ekari ya Mguu wa Kulia

Siku ya gulio, dalali Aristides alimpelekea fundi cherehani Projest suruali yake ya kaki ili mguu wa kulia uongezwe kitambaa. Fundi alimsimamisha kando ya cherehani, akapima kwa utepe wake uliokwisha kufutika namba.

"Umeongezeka tena," alisema.

"Kidogo tu."

"Kidogo chako kinanimalizia vitambaa. Kaki hakuna, hata Bukoba hakuna. Nina gunia la sukari, na nina pazia."

"Na sukari yenyewe iko wapi?"

"Sukari tulishaisahau. Gunia ndilo lililobaki."

Aristides akachagua pazia. Ilikuwa miaka michache baada ya vita na Uganda, wakati chumvi iliuzwa kwa kijiko na sabuni ilikatwa kwa uzi, kwa hiyo suruali yenye ncha ya maua mekundu haikuwa jambo la kumgeuza mtu shingo. Alivuka gulio la Bweranyange akisukuma baiskeli yake. Kuipanda alikuwa ameacha, maana goti la kulia lilikuwa likigonga usukani. Wauza maharage walivuta mikeka yao kidogo, mguu ukapita, wakairudisha.

Udalali wa vibanja, yale mashamba ya migomba, haukuhitaji vifaa vingi. Nyuma ya baiskeli Aristides alifunga panga na vipande vya mramura, ule mti mwembamba wa mpakani ambao jina lake kwa Kinyambo limetokana na kuamua kesi. Mramura ukishapandwa, ndiyo hukumu. Macho yake yalijua kusoma udongo: mweusi unaonata kidoleni ni wa kahawa, mwekundu unaokimbia na mvua ni wa mihogo na maneno matamu. Alijua kuuliza maji yako wapi, jirani ni mtu wa namna gani, na makaburi ya nani yako chini ya migomba ipi. Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa miguu. Ekari ni hatua sabini, na hatua ni za dalali. Kila mtu alilijua hilo, kama anavyojua kwamba jua huzama upande wa Rwanda.

Mguu haukuanza kukua kwa ubaya. Muuzaji humpa dalali kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mnunuzi humpa ujira. Basi Aristides, ambaye hakuwa mwizi, alijizoesha kunyoosha hatua ya kulia kidogo kila alipompimia mtu shamba. Aliiita hatua ya heshima. Wanunuzi waliifurahia heshima hiyo. Mwaka mmoja mguu ulinyooka na haukurudi, na tangu hapo kila ekari aliyopima ilimwongezea kidogo. Wanunuzi walianza kumfuata kutoka mbali, hata Kibingo. Ekari ya Aristides, walisema, ina tumbo.

Mkewe, Placidia, alikuwa amesogeza kitanda mbali na ukuta, kisha akatoboa ukuta.

Alipotoka gulioni siku ile, Aristides alikwenda kwa Mukakalisa. Huyu alikuwa mjane wa Theoneste. Yeye na mumewe walivuka kutoka Rwanda wakiwa vijana, mzigo wao mmoja ukiwa mtoto na mwingine jembe. Wenyeji wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walikuja na la kwao, wakaonyeshwa pori, wakalifyeka mpaka likawa kibanja: chini kwenye kijito shamba wazi la viazi na maharage, juu yake mparachichi, juu ya mparachichi migomba na kahawa, katikati ya migomba nyumba, nyuma ya nyumba kaburi la Theoneste. Baada ya hapo ilikuwa rweya, nyika ya majani makavu na mawe ambayo hata mbuzi huila kwa kulazimishwa.

Migomba ilikuwa inakufa. Fukusi walitoboa mashina kwa chini, na upepo ukipuliza tu, mgomba ulilala na mkungu wake mchanga. Kila mtu alijua dawa, nayo ilikuwa samadi. Na Mukakalisa hakuwa na ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Huo mguu utoe nje, humu ndani mna kuku anayeatamia."

Akampa punje za kahawa ya kutafuna kwenye kisahani cha ukindu. Walitafuna.

"Kitendawili," alisema Mukakalisa.

"Tega."

"Naitupa mbele, naiacha nyuma."

Aristides akafikiri, akatazama nje mahali mguu wake ulipoishia. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Bweranyange."

"Bweranyange ni yako wewe?"

"Si yangu."

"Ehee! Dalali kamili. Haya nimekwenda, Bweranyange nimekula ndizi, nimerudi. Ni hatua, mwanangu. Hatua! Unaila kila siku na huijui."

Wakacheka wote wawili, kisha Mukakalisa akatangulia kuacha.

"Nauza ekari moja ya chini. Ile ya viazi. Rweyemamu ananipa ng'ombe jike mwenye mimba. Nikipata samadi nitaiokoa migomba. Ekari ya kweli inaishia kwenye mparachichi, Theoneste aliipima na nilikuwepo. Sasa nataka uniambie, ya kwako itaishia wapi?"

Aristides hakumdanganya. "Sijui, bibi."

"Basi pima kwa mguu wa kushoto."

Aliahidi kujaribu. Jioni ile alijaribu nyuma ya nyumba yake, akirukaruka kwa mguu wa kushoto kati ya mihogo, lakini ule wa kulia ulitangulia kila mara na kutua mbele, ukimngoja. Placidia alimwangalia akiwa anamenya ndizi.

"Ukiukata tutakula nini?" alimwuliza.

"Sijasema nitaukata."

"Nimeuliza tu, baba. Nikimenya hivi nafikiri mengi."

Kesho yake akanunua kamba ya katani, akaipima ekari moja sawasawa kwa rula ya mwalimu, akafunga fundo. Akaipeleka kwa Rweyemamu, mnunuzi, aliyekuwa amepata mali kwa kuvusha kahawa kwenda Uganda na sasa alitaka kuikalisha chini ili iwe na adabu. Rweyemamu aliishika kamba ile, akaivuta, akaisifu.

"Kamba nzuri sana. Ya kumfungia yule ng'ombe. Ardhi, ndugu yangu, inapimwa kwa hatua. Mimi nimekuita wewe kwa ajili ya mguu. Ningetaka kamba ningekwenda dukani."

Ng'ombe alipelekwa kwa Mukakalisa siku hiyohiyo, na kamba ile ile shingoni. Mukakalisa alimwita Mugisha, yaani baraka. Alimpa maganda ya ndizi na maji yenye chumvi ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo ya mboga. Mugisha akala, akatoa sehemu yake ya samadi palepale, na Mukakalisa akaikusanya kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye mgomba wa karibu na mlango kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.

Siku ya kupima walikuja mashahidi, na mbele yao balozi wa nyumba kumi, Polikarpi, mtu mpole aliyependa mambo yaishe. Rubisi ilikuwa imeshamiminwa. Upana haukuwa na shida, ulijulikana kutoka mramura hadi mramura. Kilichobaki ni urefu, kutoka kijitoni kupanda juu.

Aristides alisimama majini, akavua kiatu cha kulia kwa sababu kilikuwa kimembana tangu asubuhi, akaanza. Polikarpi alihesabu kwa sauti ya kanisani. Hatua ya kushoto ilikuwa ya mtu. Hatua ya kulia iliruka tuta zima la viazi. Aristides aliukunja mguu, nao ukajinyoosha. Akajaribu kuuburuta, ukajiinua. Jasho lilimtoka, na kila alivyouzuia ndivyo ulivyozidi, mpaka mashahidi wakaanza kutembea upesi ili kumfikia.

Kwenye mparachichi Polikarpi hakuwa amefika hata nusu ya hesabu yake.

"Balozi," Mukakalisa aliita. "Mparachichi huo."

"Nauona, mama. Parachichi zake mwaka huu nzuri."

Wakaingia kwenye migomba. Mguu wa kulia ulikanyaga kati ya shina na shina kwa uangalifu, haukuvunja hata jani. Rweyemamu alifuata nyuma, mikono mgongoni, akitazama juu kwenye mikungu midogo. Mbele yao ikatokea nyumba, imekaa mahali ambapo hatua ilikuwa inaelekea.

Aristides akasimama.

"Pita," alisema Mukakalisa. "Karibu. Si nyumba ya adui."

Alitangulia ndani, akamsogeza kuku na mayai yake, akaliondoa jikoni sufuria la maharage ili lisipigwe teke. Aristides akainama mlangoni. Mguu wa kulia ulivuka mafiga matatu, ukatua kwenye mlango wa nyuma, na yeye akaufuata akiomba radhi. Polikarpi alihesabu akiwa jikoni, mvuke ukimwingia machoni. Mashahidi walipita mmoja mmoja, kila mmoja akisema hodi.

Hatua iliyofuata ililivuka kaburi la Theoneste. Na nyingine. Ya mwisho ilitua mahali majani yanapoanza kuwa makavu, jiwe la kwanza la rweya likiwa mbele ya kidole gumba.

"Sabini," alisema Polikarpi, na akafuta macho.

Ng'ombe alilia upande wa mbele wa nyumba.

"Balozi," alisema Mukakalisa, "nimeuza ekari moja. Hii ni ekari gani inayoingia mpaka jikoni kwangu? Inamchukua na mume wangu?"

"Mama, ekari ni hatua sabini. Wote tumesikia, sabini zimetimia. Hatukuwahi kukubaliana ni sabini za nani."

"Basi sitaki. Ng'ombe wake huyo hapo, amchukue."

"Ng'ombe ameshakula kwako," alisema Rweyemamu kwa upole. "Na rubisi tumeshakunywa. Rubisi hairudi kibuyuni."

Polikarpi akamvuta Mukakalisa pembeni, chini ya mgomba, na kumwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayekutakia mema: "Mama yangu, usiifikishe mbali hii. Huko mbele hawataanza kwa kuuliza mguu. Wataanza kwa kukuuliza karatasi zako za kuingia nchini. Unazo?"

Mukakalisa alitazama mikono yake. Bado ilikuwa na samadi kwenye kucha.

"Tulikuja na jembe," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakushauri."

Aristides alipanda miramura mwenyewe, kama ilivyokuwa kazi yake. Aliichimbia kwenye mawe kwa panga, akaishindilia kwa kisigino cha kushoto. Udongo pale ulikuwa mgumu na hakuna aliyedhani itashika. Ilishika yote.

Rweyemamu hakuwa mtu katili. Alimwambia Mukakalisa aendelee kulala ndani ya nyumba, kwani yeye alikuwa na nyumba nyingine yenye bati, na akamwajiri aangalie migomba. Mukakalisa alikuwa na samadi sasa. Hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Kwenye mawe ya rweya alijaribu kwanza, akapanda vichipukizi na kuvifunika, vikakauka kabla mvua haijarudi. Hivyo akawa anaijaza kapu, anapita jikoni, anakwenda kuimwaga kwenye migomba ileile. Fukusi wakapungua. Msimu uliofuata mikungu ilikuwa mizito kiasi cha kuhitaji nguzo, na vijana wa Rweyemamu walikuja na baiskeli kuibeba. Walimwachia maganda na vishina kwa ajili ya ng'ombe.

Sifa za kupona kwa shamba lile zilimwendea Rweyemamu, na za mguu zilimwendea Aristides. Serikali ya kijiji ilikaa, ikaona kwamba ugomvi wa mipaka unatokana na kila dalali kuwa na hatua yake. Ikaamua kwamba tangu siku hiyo kipimo kiwe kimoja, na kipimo hicho kiwe mguu wa kulia wa Aristides, kwa kuwa unajulikana zaidi. Madalali wengine walilalamika, kisha wakaja kujifunza. Yeye mwenyewe aliomba apumzishwe. Aliambiwa kipimo hakijiuzulu.

Laurensia, mjane mwingine, aliuza nusu ekari na kubakiwa na mlango. Mwalimu mmoja aliuza robo, akahamia kwa shemeji. Walionunua walisema ardhi imekuwa rahisi. Waliouza walisema ardhi imekuwa fupi, na bei gulioni ikaendelea kutajwa kwa ekari kama zamani.

Aristides alizoea kupita kwa Mukakalisa kila anapotoka gulioni. Suruali ilikuwa imeshakuwa ya pazia zaidi kuliko kaki. Alikaa kwenye kigoda ndani ya mlango wa nyuma, mguu wa kulia ukalala nje, ukapita uani na kuishia karibu na kaburi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Tafuna kahawa hiyo."

Alitafuna. Alitaka kusema jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu siku ile, akafungua mdomo, lakini Mukakalisa akanyanyua kapu la samadi, akaliweka kichwani.

"Vuta mguu kidogo, ng'ombe apite."

"Hauvutiki, bibi. Siku hizi haukunjiki kabisa."

"Haya, uache hivyo."

Ng'ombe akauruka mguu, na ndama wake akauruka. Mukakalisa akashika kapu kwa mkono mmoja na kanga kwa mkono mwingine, akauruka pia, akaenda kwenye migomba ya Rweyemamu kabla samadi haijakauka.