Kura ya Norval Tveit

Norval Tveit alianzia kamati ya shule, akawa diwani wa kaunti, akawa mbunge wa jimbo, na sasa alikuwa na miaka kumi na sita katika seneti ya jimbo la Montana. Kila uchaguzi ni mkewe, Verna, aliyepita nyumba kwa nyumba na keki zake za tufaha, akiwatuliza watu ambao mumewe alikuwa amewaudhi. Na Norval alijua kuudhi, tuseme ukweli, ila kazini hakuwa na mchezo.

Asubuhi moja ya Machi, saa nne, binti yao Karla alimpigia simu. Daktari alikuwa amesema mama haioni kesho, na mama anamuulizia. Kutoka Helena, mji mkuu ambako seneti ilikaa, hadi nyumbani ni mwendo wa saa tatu kwa gari, na theluji ilikuwa imeshazolewa barabarani.

Lakini mchana huo huo ulikuwa unapigiwa kura mswada wa kunusuru shule ndogo za mashambani, mojawapo ile aliyofundisha Verna miaka thelathini na moja. Norval alishahesabu vichwa: wanaounga mkono ishirini na wanne, pamoja naye, wanaopinga ishirini na watatu. Akiondoka ni sare, na kwa sare mswada unakufa.

Emmett Kradolfer, mfuga ng'ombe aliyewaongoza wapinzani, alizipata habari akamfuata nje ya ukumbi. Pale seneti kuna desturi ya kufungiana kura: mwenye dharura anapeana neno na mtu wa upande wa pili, yeye anakwenda zake na mwenzake ananyamaza jina lake likiitwa, tofauti inabaki ile ile.

"Nenda kwa mkeo, Norval. Mimi sipigi."

"Sitaki hisani yako."

"Nani kasema ni yako? Ni ya Verna. Mimi sipigi, nimeshasema."

Norval akampa mgongo. Miaka kumi na miwili nyuma, Kradolfer alipokwenda kumzika baba yake, walifungiana kura hivyo hivyo, na Norval akapiga. Alikuwa akiitaka barabara ya kaunti yake, na akaipata. Kradolfer hakuwahi kulitaja jambo hilo, na Norval akaamini mtu yule anangoja siku yake. Masikini, alimpima mwenzake kwa kipimo chake mwenyewe. Akajiambia kwamba hata Verna angetaka abaki, akarudi kitini.

Hotuba zikavutwa mpaka saa tisa, ndipo karani akaanza kuita majina. Alipofika kwa Kradolfer, kimya. Akaita tena. Kradolfer alikuwa akiitazama mikono yake juu ya meza. Zamu yake ilipofika alisema ndiyo kwa sauti ndogo, karani akamwomba arudie.

Mswada ukapita, ishirini na wanne kwa ishirini na wawili. Mlangoni Norval alimkamata Kradolfer mkono.

"Si nilikataa?"

"Wewe ulikataa. Mimi nilishatoa neno."

Aliendesha gari bila kusimama popote. Karla alimfungulia mlango, na kabla hajasema kitu Norval alijua. Mama alikata roho saa kumi kasoro robo. Mpaka saa nane alikuwa akizungumza vizuri tu. Shangazi zake Karla walipoanza kumnung'unikia Norval, mama mwenyewe ndiye aliyewakatiza: "Muacheni, wanamhitaji kule. Ingekuwa hawamhitaji angeshafika."

Norval aliketi kando ya kitanda na koti lake mwilini. Akamshika Verna mkono, ulikuwa umeshapoa, akalia bila kujificha. Karla alimwacha alie, kisha akavuta kiti.

"Shule imepona, baba?"

"Imepona."

"Kwa kura ngapi?"

Angeweza kudanganya, na maisha yake yote alikuwa amedanganya kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Mbili."

Karla akatoa kura ya baba yake kwenye zile mbili, ikabaki moja.

"Kwa hiyo hata ungekuja," alisema.

"Hata ningekuja."