Uso wa Kutafutia Kazi

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, Ézéchiel alipoteza kazi yake akiwa Lubumbashi, mbali kabisa na risasi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amepanga safari za malori ya tajiri mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa unga na mafuta ya kula. Maghala ya tajiri kule Goma yaliporwa kwa siku mbili, na ofisi ya Lubumbashi ikafungwa kwa ujumbe wa mistari mitatu.

Kupoteza kazi peke yake kusingemkondesha alivyokonda. Mama yake mzazi alikuwa amebaki Goma pamoja na Emery, kitinda mimba wa nyumba yao. Mtandao kule ulikuja na kuondoka utakavyo. Mara moja moja mama alipatikana kwa simu ya jirani yake Bahati, akasema wako wazima, simu ya Emery ilipotea siku ya kukimbia, na yeye Ézéchiel atafute kazi, awatoe. Basi kutafuta kazi kukawa kutafuta nauli ya mama na mdogo wake, kupitia Rwanda hadi Lubumbashi. Aligonga milango mpaka viatu vikaisha soli.

Binti yake Deborah, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, ndiye aliyemwambia kwamba siku hizi mabosi hawasomi barua; wanakutazama kwanza LinkedIn, ule mtandao wa kazi. Wakakaa kuchagua picha.

"Papa, hii haifae," alisema Deborah kwa picha ya kwanza, aliyosimama kando ya lori. "Apa lori njo iko inatafuta kazi."

"Na hii ya miwani?"

"Hii iko ya muntu bapolisi banatafuta."

Ya tatu ilikuwa ya arusi. Walipomkata Wivine, mkewe, pichani, mkono wake ulibaki umeshika bega la Ézéchiel, na Wivine akasema kutoka jikoni kwamba mkono huo hautoki, auandike nao kwenye barua ya kazi.

Wakaenda kwa Jeannot, mpiga picha wa Kamalondo. Jeannot alitandika kitambaa cheupe ukutani, akamvalisha koti jeusi la studio, akamgeuza bega kidogo.

"Papa, usikaze sura. Waza muntu unapenda."

Ézéchiel akamuwaza mama yake, na uso ukalegea. Picha ilitoka nzuri mno. Wivine aliishika simu muda mrefu, akauliza mwanaume huyu mzuri alikuwa amefichwa wapi miaka yote.

Deborah akaipandisha LinkedIn. Kisha, maana mfa maji haachi kutapatapa, akaandika chini ya picha jina la baba yake, kazi anayoijua na miaka kumi na saba, akaituma kwa ukoo mzima: kila mmoja aiweke kwenye profil yake ya WhatsApp, izunguke mji. Ndugu walitii, jambo la nadra. Kufika jioni uso wa Ézéchiel ulikuwa kwenye simu zaidi ya thelathini.

Sasa, mwenye akili angejiuliza swali moja. Kwetu mtu akifa, ndugu hubadilisha profil siku hiyohiyo na kuweka uso wake. Watu hawasubiri tangazo, wanaona na kuanza kulia. Na profil ni duara. Duara lilikata maneno yote ya chini, likaacha mtu wa koti jeusi kwenye weupe. Deborah na chuo chake hakuliona hilo, wala mimi nisingeliona. Mwenye shida huangalia mbele tu.

Asubuhi Mwape, dereva wao wa zamani wa Sakania, alimpigia Wivine akilia. Ézéchiel akachukua simu.

"Mwape, ni miye."

Mwape akakata kwa woga. Nyumba nzima ilicheka mpaka machozi. Mchungaji akaandika pole. Tonton Kapya, mjomba wa Wivine wa Pweto, akasema yuko njiani na gunia la samaki wakavu kwa ajili ya matanga, na msiba uwepo usiwepo, hatarudi nalo. Wakacheka tena, maana miezi mingi nyumba ile ilikuwa haijacheka.

Wivine ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Na kule Goma? Bahati iko na namba zetu."

Picha ziliondolewa saa hiyo. Lakini jicho likishaona limeona. Ézéchiel alipiga simu ya Bahati siku mbili bila kula. Siku ya tatu ikaita. Bahati aliposikia jina lake akakimbilia kwa mama na simu. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa, zile za msibani. Simu ikapita mkono hadi mkono.

"Mama, ni mimi. Niko muzima. Ile foto ilikuwa ya kutafuta kazi."

Mama akamwomba aseme jina alilomwita utotoni, naye Ézéchiel akalisema. Ndipo mama akalia.

"Mungu asifiwe. Nilisema Emery amekuita umufuate."

"Kuniita wapi, mama?"

Nyimbo ziliendelea.

"Tulimuzika mwezi wa kwanza, siku ya tatu ya vita. Bomu ilianguka ku nyumba. Nilikataza bantu bakuambie. Nilisema upate kwanza kazi, njo nikuambie. Muntu mwenye kulia haonekane muzuri mbele ya bantu."

Ézéchiel akakaa sakafuni. Miezi yote hiyo alikuwa amehesabu nauli za watu wawili.

"Mutoto wangu, unanisikia? Bantu bamejaa hapa, balikuja kukulilia weye. Sitabafukuza. Bamulilie yeye sasa, ju hakuliliwa. Siku ile tulizika na kukimbia. Unitumie foto yake. Za hapa zote ziliungua. Utafute moja ya muzuri, uso uonekane."

"Ndiyo, mama."

Akafungua picha za simu yake, mama akiwa bado hewani. Deborah alikuwa amekaa karibu, akainama kutafuta pamoja naye. Yalikuwamo malori, mamia ya malori, kila lori na namba yake, kila gurudumu lililopasuka njiani. Profil ya Emery mwenyewe ilikuwa nembo ya timu ya mpira. Mara zote tajiri alipomtuma Goma, Ézéchiel alikula na mdogo wake, akalala chumba kimoja naye, na hakuwahi kufikiri kumpiga picha.

"Umeipata?" aliuliza mama.

"Minatafuta, mama," alisema Ézéchiel.

Wale watu wa Goma wakaendelea kuimba, wakimsubiri.