Siku Mbili za Hoi An

Mzee Khiem aliendesha treni hadi alipostaafu, na katika miaka yote hiyo alipita stesheni ya Da Nang mara zisizohesabika bila kufika mji wa jirani wa Hoi An hata siku moja. Sababu yake ilikuwa hiyohiyo: reli haifiki kule. Mkewe, Bi Luu, alishaichoka sababu hiyo zamani.

"Baba Tai, kutoka stesheni ni kuchukua gari tu, hata usingizi haujakukolea umefika," alimwambia wakiwa jikoni kwao mjini Hue, huku akimenya vitunguu saumu. "Watu wanapanda ndege kutoka mwisho wa dunia waje kuuona mji ule. Wewe umepita mlangoni maisha yako yote, hata hodi hukupiga."

"Si nimesema tutakwenda?"

"Umesema. Mwaka jana pia ulisema."

Safari hii mzee alikuwa amekusudia kweli. Alivaa miwani, akatwaa karatasi, akaanza kuzipanga siku mbili za matembezi kama mtu anayezuia treni zisigongane. Daraja la kale lenye paa likapewa dakika zake. Nyumba za wafanyabiashara wa zamani, dakika zake. Ukumbi wa Wachina wa Fujian, dakika zake, na za kutembea hadi huko. Bi Luu akachungulia juu ya bega lake.

"Na mimi nakwenda chooni saa ngapi?"

"Mama Tai!"

"Nauliza tu. Maana hata kula sikuoni umekuweka. Mtu afike Hoi An asile cao lau?"

Mzee akaandika "cao lau" pembeni, kwa herufi za aibu. Bi Luu akamnyang'anya kalamu akaandika upya, kubwa, katikati ya ukurasa, kisha akaongeza la kwake: kukaa ukingoni mwa mto Thu Bon bila kufanya lolote. Mzee akasema kukaa si matembezi. Bi Luu akasema kukimbizana na majengo nako si matembezi, ni kazi ya polisi. Walibishana hadi wali ukaungua, na mwisho wakagawana: asubuhi za baba, jioni za mama.

Jirani yao akawaunganisha na Bi Thoa, mwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na soko la Hoi An, naye akawawekea chumba cha juu kinachotazama mto. Bi Luu akapiga pasi nguo yake ndefu ya hariri, ile ya harusi ya mtoto wao Tai.

Ndipo mvua ikaanza, ile ya mwezi wa kumi isiyojua kupumzika. Bi Thoa akapiga simu.

"Dada yangu, msije kwanza. Mto umeingia sebuleni."

"Masikini! Uko salama?"

"Mimi? Niko juu nakaanga mayai. Vitu vyote tulishavipandisha jana. Hata friji iko huku, tunatazamana." Akacheka hadi akakohoa.

Bi Luu alipompasha mumewe habari, alitarajia kumwona akishusha pumzi, maana sasa amepata sababu mpya. Lakini mzee aliitazama karatasi yake, halafu akasema, "Maji yakishuka, tunakwenda."

"Kutazama matope?"

"Mtu mto umeingia kwake, naye anakaanga mayai na kucheka. Huyo nataka nimwone."

Wakaenda. Walipofika, maji yalikuwa yanarudi mtoni taratibu, na kuta za manjano zilikuwa zimebaki na mstari wa unyevu usawa wa kifua. Mtaa mzima ulikuwa nje na mafagio. Pale watu hawangoji maji yaishe. Yakianza tu kushuka, wanayakoroga matope na kuyasukuma yaondoke pamoja na maji yenyewe, kwa sababu yakishakauka sakafuni, hapo utalia.

Bi Thoa aliwapokea amevaa mabuti ya mpira, na midomo kaipaka rangi nyekundu.

"Karibuni, karibuni! Vueni viatu. Si kwa heshima, matope yatavimeza!"

Daraja lilikuwa limezungushiwa kamba. Nyumba za kale zote zilikuwa zimefungwa kwa wageni. Mzee alitoa karatasi yake, akaisoma, akairudisha mfukoni. Alipogeuka, Bi Luu alikuwa ameshapandisha suruali magotini na kushika fagio, anapiga soga na wanawake wa mtaani kana kwamba walikua pamoja.

"Wewe mzee wa miwani!" mwanamume mmoja akaita kutoka nyumba ya pili. "Una mikono au umekuja na macho tu?"

Alikuwa Bwana Quyen, jirani wa Bi Thoa, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Mzee Khiem alizipangia dakika. Mzee akaingia, Bwana Quyen akamkabidhi kamba na kupanda ghorofani. Mzee akatazama juu. Kwenye dari palikuwa na uwazi mpana wa mraba, na wale walioijenga nyumba waliuacha makusudi, mto ukija vitu vipandishwe, ukiondoka vishushwe. Nguzo nyeusi zilisimama juu ya mawe, zimelowa, hazikutikisika wala kupinda. Mzee akaweka kiganja juu ya moja, akakiacha hapo.

"Nimeshinda na vyuma maisha yangu yote," alisema. "Chuma ukikiloweka hivi mwaka mmoja, umekizika. Hizi mbao zina nini?"

"Zimezoea kuoga," Bwana Quyen akajibu kutoka juu. "Shika kamba vizuri sasa, bibi yetu anashuka."

Ikashuka madhabahu ya mababu, na picha ya bibi imefungwa katikati kwa shuka, polepole. Mzee Khiem aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Mchana, jiko la kwanza kuwashwa uchochoroni lilikuwa la muuza cao lau. Walikula wamesimama, tambi nene na nyama na majani mabichi, matope yakiwakauka miguuni. Bi Luu hakusema neno hadi bakuli likaisha, jambo ambalo mumewe hakuwahi kulishuhudia.

Siku ya kurudi, ndani ya treni, mama mmoja aliyeketi mkabala nao alianza kuwahurumia watu wa Hoi An.

"Usituhurumie," Bi Luu akamkata. "Sisi mto tunaujua. Ukija tunapanda, ukiondoka tunaufagilia njia."

"Kumbe wewe ni wa huko?"

Mzee Khiem, aliyekuwa amesinzia, akafumbua jicho moja kumtazama mkewe. Kisha akalifumba, akamwacha aendelee.