Ngozi za Ireneo Sotelo

Mji wa Paso Tacuara uligundua kwamba una shujaa mwaka mmoja baada ya kumzika. Alipokuwa hai walimwita Bata, kwa sababu alirudi kutoka vita vya visiwa vya Malvinas, Argentina ilipopigana na Waingereza, bila vidole vya miguu, akawa anatembea akiyumba huku na huku. Watoto walimfuata nyuma wakilia kwaa-kwaa, na mama zao waliwakemea huku wamebana vicheko. Sasa meya wao, Walter Pirovano, ambaye hakuwahi kumkaribisha Ireneo Sotelo hata kwenye benchi la nje ya ofisi yake, alikuwa ameketi sebuleni kwa dada wa marehemu, akilitamka jina hilo taratibu kama mtu anayeonja divai ya bei.

Griselda Sotelo alimsikiliza bila kumkaribisha yerba, chai chungu ya huko. Kusini kote mwa jimbo la Corrientes, mgeni asiyekaribishwa yerba ameshaambiwa aondoke, lakini Walter alikuwa mwanasiasa, mambo kama hayo hayakumgusa. Alieleza kwamba sanamu ya shaba iko tayari, itafunuliwa tarehe mbili Aprili, siku ya mashujaa. Kutakuwa na bendi na padre, na wanakondoo watachomwa hapo hapo uwanjani. Na kwa kuwa sanamu hupewa msimamizi kama mtoto wa ubatizo, Griselda na msimamizi huyo wataivuta pamoja kamba ya kuifunua.

Griselda aliuliza msimamizi ni nani.

"Meja Bracamonte, yule mstaafu aliyenunua shamba ng'ambo ya mto," alisema Walter, uso ukimng'aa. "Shaba yote katoa yeye. Na alikuwa naye visiwani, Bi Griselda. Ndiye aliyekuwa luteni wake. Huoni bahati hiyo?"

Griselda alimuuliza kama anajua luteni huyo alimfanya nini kaka yake. Walter alikohoa, akasema vita ni vita, watu husimulia mengi. Hapo ndipo Griselda alipojua kwamba Walter anajua.

Na nani asiyejua? Ireneo hakuwa mtu wa siri. Kila Jumamosi, kwa miaka na miaka, alisimulia kwenye kaunta ya Hipólito Candia, mnunuzi wa ngozi ambaye pia aliuza pombe. Alisema kikosi chao kilikuwa kinakufa njaa huku chakula kimerundikwa bandarini. Yeye aliyezaliwa katikati ya kondoo alitoroka alfajiri, akakamata mmoja, akamchinja, akamchuna, akawapikia wenzake nyama ndani ya kofia ya chuma. Luteni Bracamonte alimkuta bado anapuliza moto. Akaamuru alazwe chali kwenye majani yaliyolowa, mikono na miguu ifungwe kwenye vigingi vinne, na mvua ya barafu imnyeshee mpaka jioni. Vidole vyake viliishia hapo. Hakuna adui aliyevigusa.

"Waliniwamba kama ngozi," alikuwa akisema, akitandaza mikono juu ya kaunta kuwaonyesha.

"Na yule kondoo, Bata," Hipólito alimuuliza kila mara, "alikuwa mtamu?"

Kisha baa nzima ilipasuka kwa kicheko, na Ireneo naye alicheka kidogo, maana asingecheka angekunywa wapi?

Hayo waliyasikia. Lakini kulikuwa na jambo jingine walilolishika kwa mikono yao wenyewe. Katika wilaya ile ngozi ya kondoo huwambwa chini kwenye majani, inapigiliwa vigingi pande zote mpaka ikaze kama ya ngoma. Hata mtoto wa shule anajua. Kabla ya vita, hakuna kijana aliyewamba ngozi vizuri kumshinda Ireneo Sotelo. Aliporudi, hakupigilia kigingi tena maisha yake yote. Ngozi zake alizitundika kwenye waya wa uzio, zikakauka zimekunjamana kama soksi kuukuu. Hipólito alizoea kuinua moja mbele ya wateja, akisema vita havikuchukua vidole tu, vimechukua na ubongo. Wachungaji na wanunuzi, watu wanaojua umri wa kondoo kwa kugusa sufu, walizipokea ngozi zile mwaka baada ya mwaka, wakazicheka, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Wataalamu wakubwa hao.

Griselda alitaka kitu kimoja tu: mkono wa Bracamonte usiguse jina la kaka yake. Lakini asipokwenda, Meja angeivuta kamba peke yake na kupigiwa makofi maradufu. Akienda, angesimama pembeni yake na kupigwa naye picha. Aliwaza huku akifua, akawaza huku akichota maji ya kuku. Mwisho akamtumia Walter salamu kwamba atakuja.

Siku ilipofika alikuwa uwanjani kabla ya bendi. Alibeba nguo za kijeshi za Ireneo, jaketi jepesi na suruali alizorudi nazo, na vigingi alivyovichonga mwenyewe kwa mti mgumu. Kwenye majani mbele ya sanamu iliyofunikwa bendera, pale pale ambapo wageni wa heshima wangepita, alizitandaza zile nguo, mikono huku na huku, miguu imepanuliwa. Akaziwamba. Alivuta, akapigilia, akavuta tena, mpaka kitambaa kikakaza. Kisha akaketi kwenye benchi na kujimiminia yerba.

Watu walifika, wakaona, wakasimama hapo hapo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mji ule usiojua mengi unaijua ngozi iliyowambwa. Wanaume walianza kuvua kofia mmoja baada ya mwingine bila kutazamana. Walter aliwatuma wafanyakazi wawili wa manispaa waing'oe takataka hiyo. Walikwenda, wakatazama chini, wakarudi kumwambia kwamba migongo inawauma.

Bracamonte alishuka garini na fimbo yenye kichwa cha fedha, ananukia manukato, kifua kimejaa nishani. Alikuwa na uso wa babu mwema anayepatana na kila mtu. Alimwendea Griselda amenyoosha mkono, na mkono ule ukabaki hewani alipoziona zile nguo.

Walter alimnong'oneza Meja kwamba ni mzaha wa vijana, utaondolewa sasa hivi.

"Si mzaha, Walter," alisema Griselda. "Mwache Meja atazame. Anaijua kazi hii."

"Bibi," alisema Bracamonte kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "ilikuwa vita. Nidhamu ndiyo iliyotuweka hai."

"Kondoo ndiye aliyewaweka hai." Griselda aliweka kikombe chake kwenye benchi. "Wewe ulimfunga. Leo mfungue. Ng'oa vigingi hivyo kwa mkono wako, nami nitaivuta kamba pamoja nawe na nitapigwa picha nikitabasamu."

Bega la Meja lilishuka, na kwa kitambo kidogo Griselda alidhani mzee anainama. Kumbe alikuwa anaegemea fimbo. Alisema hakuja kutukanwa na mwanamke asiyejua vita, akageuka, akarudi garini. Aliweza kumlaza mtu kwenye majani yaliyolowa kutwa nzima. Kuinama mara moja kulimshinda.

Griselda aliivuta kamba peke yake. Bendera ilianguka. Juu ya jiwe alisimama mwanamume mrefu, kifua mbele, amevaa koti zito lililofika magotini na mabuti makubwa yaliyong'arishwa, na sura ya mtu wa kwenye kalenda.

"Huyu ni nani?" aliuliza Griselda, na mara hii yeye ndiye aliyecheka. "Mngempa mabuti hayo alipoyahitaji."

Hipólito Candia alisogea, kofia mkononi, macho yakiwa kwenye jaketi. "Bi Griselda," alisema, "kumbe zile ngozi zake... ndiyo sababu..."

"Alikwambia kila Jumamosi, Hipólito. Ukamuuliza kama kondoo alikuwa mtamu."

Hipólito alichuchumaa na kushika kigingi. Griselda alimwambia akiache. Alivitoa mwenyewe, akianzia miguuni, akazikunja zile nguo, akaziweka kwapani na kuondoka.

Nyuma yake padre aliibariki shaba, maana alikuwa ameitwa kubariki, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, maana ndio uliokuwa umepangwa. Kisha harufu ya nyama ya kuchoma ikaenea uwanjani, na watu wa Paso Tacuara, kofia bado mikononi, wakapanga foleni kwenda kula kondoo.