Mti Usiopenda Kuhamishwa

"Nimeua nini sasa? Nimeutoa nje upunge upepo, basi," alisema Mama Redio, mikono kiunoni, kwenye baraza lake. "Siku tatu zote umelazwa hospitali, mti ubaki ndani kama mfungwa?"

Mzee Kinyozi, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa amerudi usiku wa jana, na leo ndiyo kwanza anakuja kuuchukua. Mbele yake kilikuwa chungu kipana kama sahani, na ndani yake bonsai yake, mti uliodumazwa ukabaki mdogo: shina, matawi, basi. Majani yote yalikuwa sakafuni.

"Na maji nilitia. Asubuhi na jioni."

"Asubuhi na jioni," Mzee alirudia, kama mtu anayesomewa hukumu. "Nilikuambia uchomeke kidole, jirani. Udongo ukiwa na unyevu, uuache."

"Nani huwa anakichomekea kidole kitu chenye kiu?"

Tangu kiharusi kimguse Mzee mkono wa kulia, binti yake alitaka kumhamishia kwake, mji wa mbali. Alikataa. Wakavutana wee, mpaka binti akasema, "Haya baba, tunza kitu kimoja chenye uhai miezi sita. Kikiishi, nakuacha ukae peke yako. Kikifa, unafungasha."

Mzee akamwendea muuza maua, akaomba mti usio na makuu. Akapewa huu, wa jamii ya mtini: unavumilia kukaa ndani, kiu ya siku mbili unaisamehe, mradi uwe karibu na dirisha. "Ila ukishaupa mahali usiuhamishehamishe," muuza maua alimwonya. "Utakununia, uyapukutishe majani yote."

Miezi sita ilikuwa inatimia leo.

"Shikamoo baba."

Binti alikuwa ameshafika, begi kubwa mkononi, jepesi, halina kitu ndani. Akaamkia jirani, kisha macho yake yakatua kwenye chungu. Yakabaki hapo.

"Baba," alisema taratibu.

Mama Redio, ambaye habari haijawahi kulala kinywani mwake, alianza kuokota majani sakafuni. Mzee angeweza kumnyooshea kidole, yakaisha. Hakumnyooshea. Aliinama, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto usitetemeke, akaparua gome kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele.

Chini ya gome palikuwa na kijani kibichi, chenye maji.

Mzee mwenyewe alipatazama pale kama aliyeitwa jina lake na maiti.

"Uhai umo," alisema hatimaye. "Umeninunia tu."

"Mwanangu, baba yako hana kosa," Mama Redio alisema, sauti imepungua. "Ni mimi. Nimeumwagia maji kama naloweka sufuria."

Binti alichuchumaa. Akapagusa pale palipoparuliwa, akaugusa na mkono wa baba yake. Begi hakuliachia.

Mzee alikibeba chungu, akakikumbatia kifuani, akavuka ua hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwake. Akausukuma mlango kwa bega. Harufu ya maharage ikatoka kuwalaki.

"Mwanangu, begi liache nje. Ingieni tule," alisema bila kugeuka. "Yako motoni tangu alfajiri. Jirani, na wewe. Ila njoo na kiti, vyangu ni viwili tu."