Kitambaa cha Kuchujia Alovera

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, huchemsha vitambaa vyangu. Ni marekani nyeupe ya mita moja, niliyoikata vipande vinne na kupinda kingo zake kwa mkono ili nyuzi zisidondokee kwenye ute wa alovera. Ilipokuwa mpya niliichemsha mara tatu, hadi maji yakaacha kuwa meupe kwa wanga wa kiwandani. Sabuni haiigusi hata siku moja, kwa kuwa harufu yake hung'ang'ania uzi. Vikitoka kwenye sufuria, huvianika kwenye kamba yavyo peke yavyo, na alasiri huchuja.

Jumanne hiyo maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kutokota simu ilipolia. Alikuwa Mama Ledama, mwenye duka la vipodozi kule Kajiado.

"Mutheu, kuja uchukue vitu zako. Zote."

"Kuna shida, Mama?"

"We kuja tu."

Nikazima jiko. Nikapanda matatu ya Kajiado.

Nilikuwa nimempelekea chupa arobaini za jeli yangu ya kujipaka, ya alovera na rosemari. Tulikuwa tumekubaliana kwamba zikipendwa, chumba kilicho nyuma ya duka lake kingekuwa changu, nifanyie kazi humo na kulala humo. Nilimaliza diploma ya urembo miaka miwili iliyopita, na tangu wakati huo natumia kona ya jikoni kwa dada yangu Kasyoki, hapa Kitengela. Chumba cha ndani amelala mwaitu, mama yetu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sauti, huu mwaka wa nne.

Mama Ledama hakunisalimu kwa "sopa" ya Kimaasai kama kawaida yake. Alifungua chupa moja akaniletea puani. Kwanza nilisikia rosemari. Kisha, chini yake, kitu kichachu chenye moshi.

"Imeharibika," nikasema polepole.

"Imeharibika na nini? Mimi nimelelewa na hii harufu. Hii ni maziwa ya kibuyu, na hiyo kibuyu imesafishwa na moto ya ule mti wetu, oloirien. Sasa unauzia watu maziwa lala wajipake?"

Msichana wa dukani akacheka. Mama Ledama hakucheka.

"Bibi arusi mmoja amejipaka hii Jumamosi. Shangazi zake wakamuuliza kama ametoka kukamua." Akafunga chupa. "Chumba nitapatia mtu mwingine. Pole, mtoto wangu. Mikono yako ni mizuri, lakini mimi niko na jina hapa."

Nilibeba katoni yangu nikatoka. Nyumbani kwetu maziwa ya kibuyu hununuliwa na mtu mmoja tu. Kasyoki huyachukua langoni kwa mama mmoja wa Kimaasai, kwa sababu mwaitu hutema yale ya pakiti.

Nilimkuta chumba cha ndani akimlisha mwaitu uji kwa kijiko. Niliuliza nikiangalia sakafu.

"Kasyoki, ulichuja maziwa na kitambaa changu?"

"Si nilikisuuza nikarudisha kwa kamba."

"Na maji baridi. Mafuta ya maziwa hubaki ndani ya uzi. Nimechuja oda yote na hicho."

"Haya, mwalimu. Chujio ya chai imepasuka tangu Pasaka, na hujaona. Wewe kwa hii nyumba unaona alovera tu."

"Ulijua ni cha kazi."

Alipangusa kidevu cha mwaitu kwa kona ya leso, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Nilijua," akasema. "Nilikishika hapo kwa kamba, nikajua, nikachuja. Nikasema ikiharibika, iharibike."

Nilingoja aombe msamaha. Akachota uji mwingine.

"Wewe uliniambia ukienda Kajiado utakuwa unarudi kila Ijumaa. Umuoshe, umgeuze, na mimi nilale hata usiku mmoja. Miaka nne, Mutheu, sijalala. Ulikuwa college, nikasema sawa. Ukamaliza, nikasema sawa." Kijiko kilisimama hewani. "Niangalie. Hiyo Ijumaa ulikuwa unarudi?"

Mwaitu alikuwa ameacha kumeza. Hawezi kusema, lakini husikia kila kitu, na jicho lake zima lilikuwa limenigeukia. Katika familia yetu nimekuwa mtu wa kuitikia ndiyo tangu utotoni. Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni, nyepesi, ya kumfurahisha kila mtu. Ningeitoa tu, na jioni tungekula pamoja.

"Hapana," nikasema, na kwa mara ya kwanza sauti yangu ilijaa chumba kile. "Singerudi. Hata Ijumaa ya kwanza."